Nusu ya Kushoto ya Shangazi Toakase

Karatasi ilikuwa na nyota ndogo arobaini, zimetawanywa kati ya nyota kubwa na herufi, na kazi ya mgonjwa ilikuwa moja tu: kukata kwa kalamu kila nyota ndogo aionayo. Shangazi Toakase aliifanya bila haraka. Alikata nyota kumi na tisa, zote za upande wa kulia, akaiweka kalamu mezani na kutulia kama mtu aliyetua mzigo.

“Tayari,” alisema.

Dakta Maree Tulloch, kiongozi wa utafiti wetu, alimwuliza kama kuna nyingine zilizobaki.

“Hakuna. Nyota zako chache, daktari. Siku nyingine uongeze.”

Mimi nilikuwa nimeketi ukutani, kwenye kiti cha jamaa wa mgonjwa. Kwa kawaida meza ile ni yangu. Nimeifanyia kazi kwa miaka sita. Lakini kanuni za utafiti hazimruhusu mtu kumpima nduguye, na Shangazi Toakase ni dada mkubwa wa baba yangu, mtoto wa kwanza wa nyumba ile. Kwa hiyo nilikaa kimya nikizitazama nyota ishirini na moja za upande wa kushoto zikiwa nzima, safi, kana kwamba hazijawahi kuchapishwa.

Kiharusi kilimpata mwezi wa Aprili, kikaigusa sehemu ya nyuma ya nusu ya kulia ya ubongo, juu kidogo ya sikio. Mguu ulirudi baada ya wiki chache. Maneno hayakuondoka hata siku moja. Macho yake yote mawili yalikuwa mazima. Kilichopotea kilikuwa kitu kigumu kukieleza: ubongo wake uliacha kushughulika na upande wa kushoto. Aliyekatwa mkono anajua kwamba amekatwa mkono, kwa sababu anaiona nafasi yake ikiwa wazi. Aliyepoteza nusu ya dunia kwa namna hii haoni nafasi iliyo wazi. Iliyobaki ndiyo dunia yote.

Tayari alikuwa ameunguza vidole vya kushoto kwenye jiko bila kugeuza kichwa. Mwezi wa Juni alivuka barabara ya Massey akiwa na mfuko wa mikate, akatazama kulia kwa uangalifu wote, na gari lililotoka kushoto likasimama likiwa limeigusa sketi yake. Alimwambia dereva kwamba amejitokeza kama mwizi.

Tiba tuliyokuwa tukiichunguza ilikuwa nyepesi kuitazama. Mgonjwa huvaa miwani yenye vioo vilivyokatwa mshazari, ambavyo huisogeza dunia nzima kidogo kuelekea kulia. Huelekezwa kugusa nukta ubaoni upesi upesi. Mwanzoni kidole hukosea upande wa kulia. Baada ya majaribio kadhaa ubongo hujirekebisha na kuupeleka mkono zaidi kushoto. Miwani ikivuliwa, yale marekebisho hubaki, na kwa baadhi ya wagonjwa si mkono tu unaokwenda kushoto: fahamu nayo hufuata. Kwa wengine haifuati. Sababu bado hatuijui vizuri, na ndiyo maana tunafanya utafiti. Tunachokijua ni kwamba miezi ya kwanza ina thamani kuliko yote itakayofuata. Wahenga wa lugha hii ninayoandikia walisema udongo uwahi ungali maji, na sijapata maelezo bora zaidi katika majarida yetu.

Udongo wa Shangazi ulikuwa unakauka. Dakta Maree alimweleza mpango: dakika kumi asubuhi na kumi jioni, nyumbani, kwa wiki mbili. Shangazi alisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

“Miwani ya nini, na mgonjwa ni nani?” aliuliza. “Mnasema naacha nusu ya kazi. Nendeni kwenye ukumbi wa kanisa letu mkakitazame kitambaa changu. Sehemu ya kumi na mbili ni yangu. Mkute hata ua moja halijajazwa, nitavaa miwani hiyo mpaka kaburini.”

Dakta Maree alinigeukia. “Ni kweli? Anachora?”

“Anachora,” nilisema.

“Na kinakamilika?”

Nilijibu kwamba ndiyo, kinakamilika. Halikuwa jibu la uongo, na tangu siku hiyo sijapenda kulikumbuka.

Kitambaa chenyewe ni ngatu, cha magome ya mforsadi yaliyopondwa na kugandishwa tabaka juu ya tabaka kwa uji wa muhogo. Hapa Mangere, mtaa tuliohamia ng'ambo ya bahari, magome hutoka kwetu visiwani Tonga kwa mizigo ya jamaa, na yasipotosha tunachanganya na kitambaa cha dukani, tukiomba bibi zetu walioko makaburini wasitazame sana. Kikikauka hutandazwa sakafuni, mita ishirini na zaidi, na wanawake hukaa safu mbili wakitazamana, kila mmoja mbele ya sehemu yake, wakijaza maua kwa rangi ya kahawia na nyeusi. Brashi ni tunda kavu la mkadi. Kiongozi wa kikundi chetu ni Shangazi Toakase kwa mwaka wa ishirini na sita sasa.

Aliporudi ukumbini baada ya kiharusi, alikaa mahali pake na kujaza sehemu yake kuanzia kulia. Alipofika katikati alisuuza brashi na kuinuka kwenda kunywa chai. Nusu ya kushoto ilibaki na mistari yake ya kuongozea brashi tu, imepauka. Wanawake walitazamana. Kisha dada yangu Vaimoana, anayeishi na Shangazi tangu wanawe wawili wahamie Brisbane, alitambaa hadi pale, akachovya brashi na kuanza kujaza. Wengine wakamfuata. Chai ilipokwisha, sehemu ya kumi na mbili ilikuwa imekamilika.

Tukafanya hivyo kila Alhamisi kwa miezi mitatu, kitambaa baada ya kitambaa. Nasema tukafanya kwa sababu nilikuwepo. Mimi, niliyeandika tasnifu nzima juu ya jambo hili, nilipiga magoti nikajaza maua ya kushoto kwa mkono wangu, nikijitahidi kuiga ndoana ndogo ambayo Shangazi huiacha mwishoni mwa kila jani la ua.

Anayemfahamu shangazi kwa maana yetu sisi wa Tonga hatashangaa. Karibu nusu ya wanawake wa kikundi kile ni binti za kaka zake. Hatuli chakula alichokibakisha. Kichwa chake hatukigusi. Akisema jambo ni jeupe, tunatafuta nuru ambayo ndani yake litaonekana jeupe. Kumwambia “Shangazi, umeacha nusu” mbele ya kikundi chake kulikuwa sawa na kumvua nguo. Basi tukamfunika, na kila ua tulilolijaza lilikuwa shahidi wake dhidi ya tiba.

Mwezi mmoja baadaye, siku ya Jumamosi, nilikwenda kwa baba. Nilimkuta nyuma ya nyumba, akipunguza majani ya magimbi kwa kisu kifupi.

“Baba, Shangazi lazima aambiwe.”

“Si umwambie. Wewe ndiye daktari wa vichwa.”

“Siwezi, na unajua siwezi. Wewe ni mdogo wake wa damu.”

Baba alisimama wima. Kwetu kaka na dada wakishakua hawaketi chumba kimoja. “Pisila, tangu nipate ndevu sijakaa chumba kimoja na Toakase isipokuwa kanisani. Nikimpelekea magimbi naacha mlangoni kama tarishi, nagonga, natembea. Leo niingie nimwambie akili yake imepungua?”

“Akili haijapungua. Ni upande tu.”

“Mwambie hivyo basi.”

“Baba.”

Alikata jani jingine, akaligeuza mkononi. “Hata shangazi ana shangazi,” alisema.

“Alikufa kabla sijazaliwa.”

“Aliacha binti.”

Ilinichukua muda kidogo, kisha nikacheka bila kukusudia. “Sinitalela?”

“Cheka tu. Huyo ndiye mtu pekee duniani anayeweza kumwambia Toakase afunge mdomo.”

Sinitalela huuza nyama katika bucha moja ya Otahuhu, mtaa wa jirani. Ana umri mdogo kuliko Shangazi kwa miaka kumi na mitatu, sauti ya kuita wateja ng'ambo ya barabara, na aproni ambayo husahau kuivua. Lakini mama yake alikuwa dada wa baba yake Shangazi, na kwa hesabu yetu damu ya dada iko juu. Kwenye maziko ya babu yangu, Sinitalela aliketi kichwani pa jeneza, akapokea mkeka bora kuliko yote, na sisi sote, Shangazi Toakase akiwemo, tukainama mbele yake. Jumatatu akarudi kukata mbavu.

Nilimfuata buchani siku ya Alhamisi saa saba mchana, zamu yake ilipokwisha. Ndani ya gari nilimweleza kwa uangalifu: nusu ya kulia ya ubongo, fahamu ya mahali, vioo vya mshazari. Nilikuwa nimeandaa hata mfano wa taa. Alinisikiliza huku akila ndizi.

“Kwa hiyo haoni,” alisema.

“Anaona, Shangazi Sinitalela. Ila ubongo haujali kilicho kushoto.”

“Kama mume wangu na vyombo vichafu.”

“Mumeo anajua vyombo vipo. Shangazi Toakase hajui kama kuna kitu upande ule.”

“Mume wangu nitamleta umpime, halafu tutajua.” Alitupa ganda mfukoni mwa aproni. “Chakula je? Anakulaje?”

“Alikuwa anakula nusu ya sahani, kisha anamwambia Vaimoana ni mchoyo. Siku hizi Vaimoana akiona nusu imekwisha, anaigeuza sahani kimyakimya.”

“Na anaimaliza?”

“Anaimaliza. Anashukuru kuongezewa.”

Sinitalela alicheka hadi akafuta machozi kwa kiganja. Kisha kicheko kikakatika ghafla, akatazama nje dirishani kwa muda. “Maskini Toakase,” alisema. “Anakula sahani moja akidhani mbili.” Kisha akanigeukia. “Na kitambaa, mnakigeuza?”

“Kitambaa cha mita ishirini, Shangazi? Na watu wamekaa juu yake?”

“Basi atageuka mtu.”

“Unamaanisha nini?”

“Wewe endesha. Mambo ya taa utamwambia daktari mwenzako.”

Tulifika wakati wa kazi. Wanawake wapatao ishirini walikuwa sakafuni kwa safu zao mbili, na redio ya jikoni ilikuwa ikisoma matangazo ya misiba. Shangazi Toakase alikuwa mahali pake, safu ya dirishani, amekwisha jaza nusu ya sehemu yake na anasuuza brashi. Vaimoana, aliyeketi jirani, alikuwa amekwisha chovya ya kwake, tayari.

Sinitalela alivua viatu mlangoni, akatembea hadi katikati ya ukumbi, akasimama mbele ya Shangazi.

“Toakase. Ondoka hapo, nakaa mimi.”

Brashi zote zikasimama. Shangazi aliinua macho polepole.

“Sinitalela. Umekuja kuchora au kuuza?”

“Nimekuja kukaa.”

“Kuna nafasi kule mlangoni.”

“Mlangoni baridi. Halafu mimi sikuuliza nafasi iko wapi. Nimesema ondoka hapo.”

Nilimtazama Shangazi, na kwa dakika nzima nilijuta kumleta yule mwanamke. Lakini Shangazi alikuwa mtu wa utaratibu. Kile alichotudai sisi maisha yetu yote, yeye naye alidaiwa, na hakuwa mtu wa kukana deni la heshima mbele ya watu. Aliweka brashi chini. Vaimoana akamsaidia kuinuka.

“Nikakae wapi, basi?”

“Kule ng'ambo, unitazame. Muda mrefu hujanitazama vizuri. Na wewe,” alimwambia Vaimoana bila kugeuka, “hiyo brashi irudishe bakulini. Asiguse mtu kitu.”

Shangazi alizungushwa hadi safu ya pili, akaketi taratibu, akaitengeneza sketi yake. Mbele yake ilikuwa sehemu ileile ya kumi na mbili, sasa kutoka upande wa pili. Kilichokuwa kushoto kwake kilikuwa kulia.

Alikitazama kitambaa. Niliuona uso wake ukibadilika, si kwa mshtuko bali kwa hasira ya kawaida ya kiongozi aliyekuta uzembe.

“Hii ni kazi ya nani?” aliuliza. “Nani ameacha maua yote haya matupu?”

“Soma namba,” alisema Sinitalela.

Shangazi aliinama hadi ukingoni, ambako namba ya kila sehemu huandikwa. Alikaa ameinama. “Kumi na mbili ni yangu,” alisema. “Yangu nimeimaliza sasa hivi.”

“Nipe mkono.” Sinitalela alijinyoosha juu ya kitambaa, akakamata kidole cha Shangazi na kukiweka juu ya ua tupu. “Mimi navuta, wewe fuata. Usiniangalie mimi, mimi mzuri siku zote. Angalia kidole.”

Kidole kilisafiri polepole juu ya ua moja tupu, la pili, la tatu, kuelekea kushoto, na kichwa cha Shangazi kikafuata kama ndege afuataye punje. Pale katikati kidole kiligusa rangi ambayo haijakauka. Shangazi alisimama hapo. Alikitazama kidole chake kilichochafuka kahawia, kisha jani la ua lililokuwa chini yake, na ndoana ndogo mwishoni mwake. Mkono wake mwenyewe aliujua.

Redio jikoni iliendelea kutaja wafiwa. Mmoja wetu alikwenda kuizima.

“Mmekuwa mkinimalizia,” alisema Shangazi.

Vaimoana alikuwa analia. “Tulikuwa tunakuheshimu, Shangazi.”

“Najua mlichokuwa mnafanya. Tangu lini?”

“Tangu siku ya kwanza.”

Alinitafuta kwa macho, akanipata kwa sababu nilikuwa nimesimama kulia kwake. “Na wewe wa chuo kikuu?”

“Na mimi, Shangazi.”

“Uliisomea kazi hii miaka mingapi?”

“Tisa.”

“Tisa,” alimwambia Sinitalela. “Unasikia? Tisa.”

“Mbavu za kondoo nilijifunza siku mbili,” alisema Sinitalela.

Mtu mmoja alicheka kwa pua, na Shangazi mwenyewe akatikisika mabega kidogo. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomwona ameogopa.

“Pisila. Vingapi vingine sivioni?”

Nilipiga magoti karibu naye. Nimewaeleza wagonjwa wengi jambo hili, na nina maneno yaliyozoea kwenda yenyewe. Siku hiyo hayakwenda. “Nusu ya kila kitu,” nilisema.

“Na watu?”

“Na watu, wakikaa kushoto.”

Aliwaza. “Mchungaji ameacha kuja kuniona. Nilidhani amekasirika kuhusu ile pesa ya paa.”

“Anakuja kila Jumatano, Shangazi,” alisema Vaimoana. “Anakaa kwenye kile kiti cha dirishani. Anaomba, anaondoka. Anadhani wewe ndiye umekasirika.”

Shangazi alifumba macho. Wanawake ishirini walikaa bila kujua pa kuiweka mikono yao. Alipofumbua, alijipangusa kidole kwenye kitambaa cha jikoni, polepole, kila upande.

“Iko wapi miwani?” aliuliza.

Kisanduku cha utafiti kilikuwa ndani ya gari. Nilikuwa nikikibeba huku na huku kwa wiki tano kama hirizi. Dakta Maree, nilipompigia simu, alisema mafunzo ya nyumbani yanaweza kuanza siku yoyote mradi mgonjwa ameridhia na kutia saini, na kwamba yeye atapima, mimi nisipime. Tukaketi jikoni kwenye ukumbi. Shangazi alitia saini ukingo wa kulia kabisa wa karatasi. Kisha akajaribu kuivaa miwani, na jambo ambalo sikulifikiria kamwe likatokea: kamba ya kulia ikakaa sikioni, ya kushoto ikaning'inia shavuni, naye akadhani ameivaa.

Niliinua mkono. Mkono ukasimama hewani. Vaimoana aliutazama, nami nikautazama. Kichwa ni kichwa, na kule kuridhia kwenye karatasi hakukubadili hilo.

“Nyinyi watoto mtaniua,” alisema Sinitalela. Alifuta mikono kwenye aproni, akakishika kichwa cha Shangazi Toakase kwa viganja viwili kama mtu achaguaye tikiti maji, akaivuta kamba, akaipachika. “Haya. Umekuwa kama bundi.”

“Na wewe unanuka damu ya kondoo.”

“Bundi hali mboga. Gusa nukta.”

Niliushikilia ubao. Shangazi akanyoosha kidole kwa kasi na kugusa hewa, mbali upande wa kulia wa nukta. Akajaribu tena. Bado kulia. Sinitalela alimwambia kwamba alichogusa ni Otahuhu na nukta iko Mangere. Kufikia mguso wa kumi kidole kilikuwa kimekaribia. Kufikia wa ishirini kilikuwa kinatua juu ya nukta kila mara. Tulipofika hamsini Sinitalela aliivua miwani, nikamwomba Shangazi aguse nukta mara moja tena. Kidole kilikwenda kushoto. Kiliipita nukta kwa upana wa vidole viwili, kushoto, mahali ambapo hakikuwa kimekwenda tangu Aprili.

“Nimekosa,” alisema.

“Umekosa vizuri sana,” nilimwambia, na ilibidi niinamishe uso ndani ya kisanduku.

Kwa wiki mbili Sinitalela alikuja saa kumi na moja na nusu asubuhi kabla ya zamu, na tena jioni akiwa na kifuko cha mifupa ya supu. Hakukosa siku. Alikishika kile kichwa mara ishirini na nane, na sidhani kama iliwahi kupita mara moja bila matusi ya pande zote mbili. Vaimoana alijifunza kutogeuza sahani. Alijifunza kusema, “Shangazi, bado kuna,” kisha kukaa na kungoja, na aliniambia kwamba hakuna kazi ya nyumbani iliyomchosha kama hiyo. Mchungaji alibaki kwenye kiti chake cha dirishani, kwa amri ya Sinitalela, akaagizwa akohoe mpaka atafutwe. Jumatano ya kwanza alikohoa robo saa. Ya pili, Shangazi aligeuza kichwa na kumwuliza kama ana kifua.

Baada ya wiki tatu Dakta Maree alimpima. Siwezi kuandika hapa kwamba alipona. Nyota alizokata zilikuwa thelathini na moja, na tisa zilizobaki zilikuwa zote kwenye ukingo wa kushoto kabisa. Tuna wagonjwa waliofanya mafunzo yaleyale kwa bidii ileile na hawakusogea hata nyota mbili. Na siwezi kusema ni kiasi gani cha mabadiliko ya Shangazi kilitoka kwenye vioo, kiasi gani kwenye muda, na kiasi gani kwenye kuachwa aone kosa lake mwenyewe. Utafiti wetu haukuwa umeandaliwa kupima jambo hilo la tatu. Nimelipendekeza kwa awamu ijayo, na Dakta Maree ameniuliza, bila mzaha, tutampata wapi Sinitalela kwa kila mgonjwa.

Mwishoni mwa Septemba tulitandaza kitambaa kipya. Shangazi alirudi safu yake ya dirishani. Sinitalela hakuwepo, kulikuwa na msongamano buchani. Shangazi alijaza kuanzia kulia kama kawaida, akafika katikati, akasuuza brashi. Hakuinuka. Aliuchukua mkono wake wa kushoto, akauweka sakafuni kwenye ukingo wa mbali wa sehemu yake kama mtu awekaye jiwe la mpaka, na akaanza kugeuza kichwa mpaka alipokutana na vidole vyake mwenyewe. Kisha akachovya tena.

Ilimchukua karibu saa nzima kuijaza nusu ile. Wengine wote tulikuwa tumemaliza. Chai ilikuwa inapoa jikoni, na wanawake ishirini walikaa mikono mapajani, wakimtazama mwanamke mmoja akichora. Hatukuwahi kufundishwa heshima ya namna hiyo, ya kukaa na kutofanya lolote, na miguu ilitufia ganzi.

Aliruka maua mawili. Yalikuwa kwenye ukingo kabisa, karibu na goti la Vaimoana aliyeketi kushoto kwake. Tuliyaona sote. Shangazi alijinyoosha mgongo, akaitazama kazi yake kutoka kulia hadi pale mkono wake ulipokuwa, na ilielekea ameridhika. Na hapo mazoea yalimshinda dada yangu. Bila kuwaza, kwa ule upole wa miezi mitatu, brashi yake ilianza kutambaa kuelekea lile ua la kwanza.

“Vaimoana,” alisema Shangazi, “ondoa mkono wako kwenye kitambaa changu.”

Brashi ilisimama. Vaimoana alinitazama, macho yamemtoka, nami nikamtazama. Maua yale mawili Shangazi alikuwa bado hajayaona. Ule mkono aliuona.